Sensa Niliyowanunulia Wenzangu

Mimi si mtu wa mitambo, na sijui kwa nini kikundi chetu cha wakulima wa chai hapa Sigowet kilinituma Kericho kununua sensa ya kupima unyevu wa udongo. Muuzaji, simlaumu, aliniuliza nataka ya aina gani. Niliona aibu kusema sijui, nikaonyesha moja yenye matundu kama chujio. Nilidhani maji huingilia hapo. Nikaifunga mimi mwenyewe kwenye mtambo wetu wa shambani, ambao hulia udongo ukilowa.

Afisa wa kilimo akaja kuamua kama tunafaa kuongezewa mitambo. Tukamwaga maji shambani, sensa isilie. Mwenyekiti wetu, Mzee Kiprono, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akainama akaipuliza kama anachochea moto. Ikalia!

“Imeshika!” nikashangilia.

Afisa akachungulia. “Ndugu, hii ni ya kupima pombe kwa pumzi.”

Wote wakamgeukia mzee. Haikuwa haki abebe aibu yangu, kwa hivyo nikainama kuizima nikisema, “Msimwangalie mzee, mimi ndiye niliyekosea.”

Ikalia kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

“Ala!” akasema Mama Chebet, mweka hazina wetu. “Kumbe mlikuwa pamoja!”