Nozo Niliyoisafisha kwa Spoki

Niseme kwanza kabisa: kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, wala shetani simsingizii. Jina sitaji. Waliofanya kazi Kahama miaka ile ya sabini wakisoma hapa watanijua tu, na wakinitukana ni haki yao.

Nilikuwa fundi kwenye karakana moja iliyotengeneza matela ya kubebea pamba. Kwenye gesi tulikuwa wawili. Mwenzangu nitamwita Baba Kabula, kwa jina la binti yake. Yeye alikata vyuma, mimi nilichomelea na kutunza vifaa. Jamani, yule mtu alikuwa na mkono! Alikata duara kwenye bamba nene kwa kufuata chaki tu, likatoka laini hata tupa ikakosa kazi.

Kila jioni nilitakiwa kusafisha nozo, ile ncha ya shaba yenye vitundu inakotokea moto. Husafishwa kwa sindano zake maalumu, na sindano hizo nilizipoteza ndani ya basi la Shinyanga. Mtauliza zilifuata nini kwenye basi. Nilikuwa nachokonolea meno. Ndiyo, naandika hivyo hivyo.

Miaka ile kifaa kikipotea hukuwa na duka la kukimbilia. Badala ya kusema ukweli, nikachukua spoki ya baiskeli, nikainoa, nikawa nazibulia nozo kwa hiyo. Kitundu cha katikati kilikuwa cha mviringo. Siku baada ya siku kikawa na umbo la yai, nami sikukiangalia.

Msimu wa pamba ulipokaribia, yakahitajika maduara ya chuma ya kugeuzia magurudumu ya mbele ya tela. Baba Kabula akakata la kwanza. Likatoka na meno kama msumeno. Akakata la pili. Meno!

Tukaanza kutafuta ugonjwa. Tukapunguza gesi, tukaongeza. Tukakwangua kutu, tukachora chaki upya. Akakata polepole, akakata haraka. Meno tu. Mwishowe akavua miwani ya giza, akanigeukia.

"Nozo umeisafisha na nini?"

"Sindano," nikasema. "Kama siku zote."

Msimamizi wetu akaja kuona kulikoni. Akamwambia akate mstari ulionyooka. Ukatoka safi kabisa. Hapo ndipo nikafungua mdomo, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Ndugu Msimamizi, kama ubovu ni wa kifaa, mbona ulionyooka umetoka safi? Hapa ni mkono, ukifika kwenye kupinda."

"Mkono una nini?"

"Mimi sisemi kitu. Ila alikotoka mnakujua."

Walikujua wote. Zamani Baba Kabula alikuwa mnywaji wa moshi, ile pombe kali ya kienyeji, mpaka mkewe akamkimbia. Akaenda kwa padri, akala kiapo mbele ya kanisa zima kwamba hataigusa tena. Mama Kabula akarudi. Alirudi kwa sharti moja, na alilisema hadharani: nikisikia umekunywa tena, naondoka na mtoto, na usinifuate. Wakati huo ulikuwa umeshapita mwaka wa pili hajagusa.

"Yaya, ndugu yangu," Baba Kabula akaniambia kwa Kisukuma, yaani hapana, huku akitikisa kichwa. "Yaya. Sijagusa." Akamsogelea Msimamizi, akafungua mdomo wazi. "Ninuse."

Msimamizi akainama, akanusa. Akasema ananusa vitunguu.

"Vitunguu ndivyo wanavyokula wakitaka kuficha," nikasema.

Loo! Maneno hayo yalinitoka kinywani mwangu mimi, niliyekula naye sahani moja kila mchana. Akaambiwa aende nyumbani mpaka atakapoitwa.

Kesho yake nikapewa kazi yake. Mimi ambaye hata togwa hunikaba. Nikakata duara kwa madaha yote. Likatoka na meno.

 Kisha nikailegeza nozo, nikaizungusha robo, nikakata tena. Meno yalikuwepo, lakini yamehamia upande mwingine wa duara! Nikaifungua, nikaiinua juani, nikaliona lile yai. Kwenye mstari ulionyooka moto ulikwenda kwa urefu wa tundu, ukakata vizuri. Ukifika kwenye kupinda, tundu lilibaki limeelekea kule kule, moto ukawa unang'ata ukingo. Mkono haukuwa na kosa lolote.

Ilikuwepo nozo moja mpya kabatini, na ufunguo nilikuwa nao mimi mtunza vifaa. Nikaifunga. Duara likatoka laini. Msimamizi akaita watu waje kuona mkono usiotetemeka. Nikasema asante. Ile mbovu nikaitia mfukoni.

Siku hiyo hiyo, jua halijatua, Mama Kabula akaja kwangu. Habari alizipata kwenye mashine ya kusaga. Hakukubali hata kukaa.

"Shemeji, wewe unafanya naye kazi meza moja. Nakuuliza kwa jina la Mungu. Anakunywa?"

Nozo ilikuwa mfukoni, naishika kwa vidole. Ningeitoa, ningesema spoki, ningesema sindano, basi. Nikawaza wenzangu watakavyocheka wakisikia habari ya kuchokonoa meno.

"Shemeji," nikasema, "mimi sina la kusema."

Akaelewa alivyoelewa. Asubuhi alipanda lori kwenda kwao Ushirombo, yeye na Kabula. Baba Kabula alinywa wiki ile ile. Mimi nikafanywa fundi mkuu.

Ilipita miaka saba. Sikuwa na amani hata siku moja, na rafiki mwingine wa kula naye sahani moja sikumpata. Siku moja nikasikia yuko Geita, kwenye mashimo ya dhahabu, anawanolea wachimbaji sululu. Nikaenda. Sikujua nianzie wapi, nikamkabidhi ile nozo.

Aliiinua juani. Ikabidi aishike kwa mikono miwili, kwa sababu sasa ilikuwa inatetemeka kweli.

"Spoki," akasema.

"Spoki."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akanirudishia nozo, akaendelea kunoa. Nililia mbele ya wachimbaji, nao wakadhani nimefukiwa ndugu shimoni.

Kutoka pale nikaenda Ushirombo. Mama Kabula alinipokea vizuri, Kabula akaniamkia shikamoo na kuniletea maji. Nikamweleza Mama Kabula yote mbele ya baba yake mzazi, habari ya meno na yote. Hakupiga kelele. Alipokea kikombe changu kitupu, ndipo akasema, "Na mimi nilikuuliza, shemeji."

Hakurudi kwa mumewe. Alisema mume aliyemwacha hakuwa mlevi, na huyu wa Geita ni mlevi, sasa arudi kwa yupi? 

Wewe unayesoma, usinihurumie. Kama kuna mtu anabebeshwa kosa lako, na umeulizwa ukajibu vingine, nenda leo kabla hujamaliza kusoma gazeti. Aibu ya meno ingeisha kwa kicheko cha siku mbili. Mimi niliulizwa mara mbili, na watu walewale walionipenda.