Waliofunga Kamba kwa Waya

Mwanangu, bado naisikia ile nguzo ikitoka ardhini, kama jino linalong'olewa. Tulikuwa katikati ya daraja, mimi na mke mwenzangu, beseni kichwani. Tunamwita Nyar Rodi kwa kuwa aliolewa kutoka Rodi Kopany. Kamba ikalia, nguzo ikang'oka, sisi hao majini. Nyonga yangu ikagonga mwamba. Nyar Rodi alinishika nywele akanivuta, huku ananitukana: "Piga miguu, wewe! Ukifa nani atapika?" Huu mguu ninaoburuta ni wa asubuhi ile. Na hii pumzi ninayovuta ni ya Nyar Rodi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana wewe ulizaliwa ukakuta daraja jipya. Miaka ile ya tisini, hapa ufukweni kwetu upande wa Homa Bay, daraja lilikuwa la kamba za mkonge, kutoka nchi kavu mpaka kwenye mwamba ule ziwani. Kule ndiko tulikoanika omena, dagaa wa ziwa hili, mbuzi na kuku wasifike. Kamba tulisokota wenyewe. Na kila mtu alijua, hata mtoto, kwamba mkonge ukilowa unajivuta na kukaza. Kwa hivyo wingu likionekana, wa mwisho kuvuka alilegeza fundo pale nguzoni. Hakutumwa na mtu. Ilikuwa kama kufunga mlango wa nyumba yako.

Kisha wageni wakaanza kuja kupiga picha. Sikuwachukia, hata! Tuliwauzia samaki wa kukaanga, tukawacheka wakivuka kwa magoti. Lakini walipiga kelele daraja likiyumba, na Odongo, mwenyekiti wetu wa daraja, hakupenda kelele hizo. Akakaza kamba. Akamwambia Osuri, mlinzi, azungushe waya juu ya fundo ili mtu asilifungue. Nawataja kwa majina kwa sababu wote wawili ni wa hapa, na kamba zile walisokota pamoja na sisi. Hawawezi kusema hawakujua.

Jioni ya kuamkia siku ile, mama mkwe wetu alimkuta Odongo pale nguzoni, wingu limeshuka.

"Odongo, toa hiyo waya. Mvua hiyo."

"Mama, wageni wanafika asubuhi. Wakiona linayumba, watarudi mjini kupiga picha viboko."

"Basi ingia majini wewe, wakupige picha wewe."

Yawa, watu walicheka! Odongo naye akacheka, akaenda zake nyumbani. Osuri alibaki akitazama chini, koleo mfukoni. Mvua ikanyesha mpaka kulipokucha.

Asubuhi omena yetu ilikuwa ng'ambo, imefunikwa turubai, na isipogeuzwa ingeoza. Tukamkuta Osuri. Nguzo ameivika gunia, ati wageni wasione waya, nasi fundo hatukuweza kuliona.

"Umelegeza?" nikamuuliza.

"Nimelegeza, shemeji. Piteni."

Tukapita. "Leo limetulia kama sakafu," Nyar Rodi akasema. Hakumaliza kucheka.

Leo nimeridhika na mengi, mwanangu. Daraja lipo, nyinyi vijana ndio mnalisimamia, na wageni wakionja omena ya Nyar Rodi wanaomba sahani nyingine. Waacheni waje. Lakini nasikia mmeanza kusema linayumba mno. Liache liyumbe. Mgeni akiogopa, mshike mkono, mvushe polepole. Wingu likionekana na wewe ndiye wa mwisho kuvuka, legeza, hata akuambie nani. Na mtu akikuuliza kabla hajavuka, mwambie ukweli, hata kama ukweli huo utamrudisha nyumbani. Nyasaye Mungu akutunze, nyathina, mwanangu. Miguu yako ivuke salama na irudi salama.

Limebaki moja. Odongo bado anakaa pale mlangoni pa daraja, na wageni anawaambia daraja la zamani liliangushwa na wanawake wawili waliojaza omena kupita kiasi. Odongo, beseni zilikuwa tupu. Tulikuwa tunaenda, hatukuwa tunarudi. Wewe na Osuri mje pale nguzoni, mbele ya watu, mseme nani aliamuru waya na nani aliniambia nipite. Mimi na Nyar Rodi tutakuja na beseni zetu.