Daftari Nililopiga Mistari Bure

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, basi. Lakini mistari najua kupiga. Ukinipa rula, mstari wangu hauyumbi.

Mjukuu wangu ni mwalimu wa darasa la tatu. Mama yake, binti yangu, aliolewa Sengerema akabaki huko. Mtoto nimemlea mimi, na mpaka leo tunaishi wawili hapa Ilemela, nyumba ya juu kwenye mawe. Alipoanza kazi alitakiwa kuandaa andalio la somo kwa kila kipindi. Ni karatasi ya kumwonyesha mwalimu mkuu kwamba utafundisha nini, kwa dakika ngapi, kwa zana gani, na chini kabisa tathmini, yaani watoto wameelewa au hawakuelewa. Yote hayo hukaa kwenye vyumba vilivyopigwa mistari. Yeye mistari ilimshinda. Nikamwambia, lete hiyo rula.

Ikawa kazi yetu ya Jumapili. Tukitoka kanisani, tukisha kula, nafuta meza kwa kitambaa kikavu. Mimi napiga mistari, yeye anaandika huku anasoma kwa sauti.

"Zana, bibi. Jumanne nafundisha kugawanya. Nipeleke nini?"

"Peleka maharage."

"Watayatafuna."

"Mabichi? Waache watafune. Hawatarudia."

Tukacheka. Ndipo nikaanza kuweka kopo langu la zana: visoda vya chupa, vijiti, magunzi, punje za mahindi. Kila Jumapili lilikuwa lazima lifunguliwe.

Macho yangu yalipoanza kupungua nguvu, nikaona bora nitangulie. Nilichukua daftari jipya, lile nene la jalada gumu, nikalipiga mistari lote, kurasa zote, wiki nzima, machozi yananitoka. Jumapili nikaliweka mezani.

Akaja na kishikwambi walichogawiwa shuleni.

"Bibi, siku hizi mistari imo humu humu."

Akanionyesha. Unachagua darasa, unachagua somo, unachagua mada, andalio linajipanga lenyewe. Mwalimu mkuu analisomea ofisini kwake, akiridhika anabonyeza. Kwenye zana pameandikwa: vitu halisi kutoka katika mazingira.

"Vitu gani?" nikauliza.

"Vitu halisi, bibi."

"Nimesikia. Nauliza vitu gani."

"Jamani, bibi! Inatosha hivyo."

Chai yangu haijapoa, maandalio ya wiki nzima yamekwisha. Akaenda mazoezi ya kwaya. Nikabaki na meza safi.

Sikumkatalia kupumzika. Vidole vyake vilikuwa vinaota sugu kwa kuandika, na shule ina kazi nyingi. Sikujua tu kwamba na mimi ni sehemu ya mzigo anaoupunguza. Jumapili nyingi zilipita hivyo. Nilikaa nje nikisikiliza ndege zinazotua uwanjani, moja baada ya nyingine, na hakuna mgeni wangu hata mmoja ndani.

Siku moja ya Jumapili aliacha kishikwambi mezani kikiwa wazi, akatoka kuanua dagaa juu ya mawe kwa sababu wingu lilikuwa linatoka ziwani. Nikavaa miwani. Nasoma polepole, lakini nasoma. Jumatano, hisabati, kupima uzito. Chini, kwenye tathmini: *Wanafunzi wengi wameelewa somo.*

Nikamwita.

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

"Jumatano umeshaifundisha?"

Akacheka. "Mke mwenzangu, unanipeleleza?"

"Jibu swali."

"Programu haipokei ukiacha chumba kitupu. Wote tunajaza hivyo."

"Wakati wa daftari tulikiacha kitupu mpaka ufundishe."

"Wakati wa daftari ulishapita, bibi."

Jumatano mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Korongo la chini likajaa, watoto wa ng'ambo hawakufika. Waliofika walikusanywa chumba kimoja, wakaimbishwa nyimbo mpaka saa ya kutoka. Uzito haukupimwa. Mchana mwalimu mkuu akafungua kioo cha kishikwambi chake, akasoma kwamba wengi wameelewa. Akamwita mjukuu wangu, akamuuliza swali moja tu: "Wengi ni wangapi?" Kisha akamtaka ajieleze kwa barua, kwa mkono wake.

Alifika nyumbani ameloa. "Shikamoo, bibi." "Marahaba." Akanieleza yote akiwa amesimama, maji yanachuruzika sakafuni.

Nilipaswa kumpa kanga kavu. Nikasema, "Sasa hicho kioo chako kikuandikie barua."

Aliandika chumbani kwake, mlango umefungwa. Mimi ndiye niliyekuwa na haki, na nilikula ugali wangu peke yangu.

Tangu hapo amejirekebisha. Hatumi andalio mpaka afundishe, na tathmini anaijaza hukohuko shuleni, kipindi kikiisha. Anaandika waliokwama ni wangapi. Ni sawa kabisa, ndivyo nilivyotaka. Ila sasa hata kile kishikwambi hakiji tena mezani kwangu. Anaingia, ananisalimia vizuri, ananiuliza kama nimekunywa dawa, anapita.

Jumapili iliyopita nilifuta meza kama kawaida. Nikafungua lile daftari, nikaanza kuandika haya unayosoma, maneno yakivuka mistari niliyoipiga mwenyewe. Akatoka chumbani na vitabu vya kwaya mkononi, akasimama nyuma yangu.

"Unaandika nini, bibi?"

"Mambo yangu."

Nilimsikia akigusa kopo, visoda vikalia. Halafu akavaa viatu, akateremka kwenye mawe.

Neno lililotakiwa lilikuwa fupi: kaa. Halikunitoka. Nimeliandika hapa, kwenye chumba cha zana cha ukurasa huu, na daftari nimeliacha wazi mezani.