Swali Langu la Nyongeza

Mwanangu, ipo siku moja barazani ambayo hadi leo nikiikumbuka natazama chini, hata nikiwa peke yangu chumbani. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kata yenu imekuchagua kuwa diwani, na wajomba zako wameshakushauri kuhusu suti. Mambo ya suti yaache kwanza.

Nilichaguliwa nikiwa na umri kama wako, cheti changu cha chuo kikuu bado kinanukia wino. Mimi ni Myao wa Masasi, lakini nilioa huku juu uwandani, na watu wa kata ile wakaniamini mapema kuliko nilivyostahili. Maneno makubwa nilikuwa nayo. Neno "uendelevu" nililitamka mara nyingi mpaka wazee wakadhani ni jina la mradi, wakawa wananiuliza utaanza lini. Debe shinda haliachi kutika, na mimi nilitika kata nzima.

Mwaka ule mkurugenzi mpya wa halmashauri ya mji alituletea mpango wa usafiri. Alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mpole, msemaji wa polepole. Mpango wake ulikuwa na mambo matatu: stendi ya mabasi ihamishwe kutoka sokoni, barabara kuu ipandwe miti ya kivuli, na gari dogo la abiria lianze kushuka na kupanda mteremko mara mbili kwa siku, ili watu wa kijiji cha bondeni wasitegemee bodaboda peke yake. Hilo la tatu lilikuwa ukurasa wa kumi na moja. Mimi nilisoma mpaka wa sita, nikaona panatosha kutungia swali.

Utaratibu wa baraza utaujua mwenyewe. Diwani anauliza swali lake la msingi, mkurugenzi anajibu, kisha diwani anapewa swali la nyongeza. Madiwani wengi hulisubiri hilo la nyongeza kama watoto wanavyosubiri ukoko wa wali. Mkurugenzi yeye ni mtumishi; hafungui mdomo mpaka mwenyekiti amruhusu, na akijibu hujibu kwa adabu.

Wangoni na sisi ni watani, tangu vita vya mababu. Nikaona nafasi. Nilipopewa swali la nyongeza nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, mji huu sisi wenyewe tunanawa uso kwa kikombe. Mkurugenzi atuambie, miti yake itakunywa soda? Au mababu zake walitupora mbuzi, sasa mjukuu amekuja kumalizia na maji?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Meza zilipigwa. Mkurugenzi alitabasamu, akainuka, akafungua jalada lake, akabaki amesimama akisubiri kuruhusiwa. Mwenyekiti alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Alipomaliza kuyafuta akauliza baraza linasemaje, na baraza, kwa moyo mkunjufu kabisa, likasema mpango urudishwe mpaka kikao kijacho. Yaani miezi mitatu. Mkurugenzi akaketi, jalada bado liko wazi.

Nje nilipeana mikono na kila mtu isipokuwa Mama Hamisi, diwani wa viti maalumu, mkubwa wetu kwa umri. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Kesho asubuhi nikukute mwanzo wa mteremko. Njoo na hiyo hiyo suti."

Nilidhani anataka kunipongeza mbele ya watu.

Kesho yake nilimkuta na dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye ndevu. Akaniambia niteremke naye mpaka kwa binti mmoja aitwaye Somoe, mjamzito wa miezi minane, ambaye siku ile alikuwa na zamu ya kliniki, nipande naye kurudi. Kushuka kulikuwa kwema. Kupanda tulikaa mishikaki: dereva mbele, Somoe katikati, mheshimiwa nyuma.

"Nishike mabega," Somoe aliniambia. "Na tairi likiteleza usiruke. Ukiruka wewe, tunaanguka wote."

"Huwa linateleza?"

Dereva akacheka. "Mheshimiwa, hapa huwa tunauliza limeteleza mara ngapi."

Kwenye kona ya pili mchanga ulitushinda, tukashuka. Somoe alipanda kwa miguu, mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni, anapumzika kila hatua kumi. Mimi nilisukuma pikipiki, moshi wote unaishia kwangu. Alipopata pumzi akasema, bila ya kunilaumu, maana hakujua, "Tuliambiwa kuna gari linakuja. Sijui limeishia wapi."

Nilijua limeishia wapi. Limeishia ukurasa wa kumi na moja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda nilikuwa nimekipigia kura bila hata kukigusa.

Juu tulimkuta Mama Hamisi ameketi kwenye dumu. Alimtazama Somoe kwanza, akamwelekeza benchi la kliniki, ndipo akanigeukia.

"Umefurahi jana?"

"Ile miti, wanawake wenye nyumba kando ya barabara walishakubaliana na mkurugenzi. Kila nyumba mti wake, kwa maji yaliyooshewa vyombo. Ungemwacha ajibu angekuambia." Kisha akasema, "Na ule haukuwa utani, baba. Utani una watu wawili wenye midomo. Wewe umemkuta mwenzio amefungwa mdomo na kanuni, ndiyo ukamtania. Kwetu hiyo inaitwa matusi."

Nimesoma vitabu vingi, mwanangu. Sijakutana na sentensi iliyonikalia sawasawa kama ile. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kabla ya kikao kijacho.

Nilikwenda ofisini kwa mkurugenzi kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mheshimiwa, mtani hakatazwi," alisema. "Ila siku nyingine niachie zamu yangu." Kisha, akiwa ameshanishika mkono wa kwaheri, akaongeza, "Na wale mbuzi wenu, babu alisema walikuwa wamekonda."

Radhi nilipata. Miezi mitatu sikuweza kuirudisha; kanuni hazijui majuto. Somoe alijifungua kabla ya kikao. Alipandishwa mteremko ule ule kwa bodaboda, uchungu umeshamwanza, na alifika salama, yeye na mtoto. Namshukuru Mungu, na namshukuru yule dereva. Mimi sina changu katika shukrani hiyo.

Miezi ile niliitumia kwenda bondeni kusikiliza. Kikao kilipofika nikauliza swali moja fupi: gari limepangwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo wanawake wa bondeni wako kisimani kwenye foleni, je, linaweza kucheleweshwa kidogo, ila bado lifike kabla kliniki haijajaa? Mkurugenzi alifikiri, akasema hilo hakuwa amelijua, akachukua kalamu akaandika saa moja na nusu. Hakuna aliyecheka wala kupiga meza. Mama Hamisi alikuwa anasinzia, au alitaka nidhani hivyo. Mpango ukapita.

Sasa nasaha yangu ni hii. Uliza. Kiongozi asiyeulizwa hulala, na mji hulala naye, na wewe watu wamekutuma ukamwamshe. Kuuliza si ujinga. Lakini karatasi isome mpaka ukurasa wa mwisho, na kabla hujasimama, mfuate yule atakayelipa gharama ya swali lako, ukae naye, upande naye. Kisha ukishauliza, keti ungoje jibu, hata kama ukumbi uko upande wako. Hasa ukumbi ukiwa upande wako. Swali la kumshinda mtu lina makofi, na makofi matamu, sikufichi. Swali la kutaka kujua mara nyingi halina kitu ila kazi inayofuata.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sikio refu kuliko ulimi, akukutanishe na wakubwa wasioogopa kukukemea, na kila njia utakayoipigania wapite juu yake salama wale walio wazito na wale walio wadogo. Amina.