Mpangaji Aliyejaza Diski

Juzi nilikuwa kwenye duka la barua pepe pale Umoja, mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha mtaani Mowlem alipoambiwa kwamba seva ya duka, ile kompyuta kuu inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, haipokei barua, diski imejaa. Akaketi, mkoba mapajani.

"Binti yangu anajifungua ng'ambo. Sitoki hapa."

Fundi, dada mwenye miwani, alipekua mpaka akakuta faili moja la kumbukumbu za mtambo limenenepa kama fahali wa maonyesho. Akalifuta. Diski ikabaki imejaa vilevile.

"Si umefuta?" mama akauliza.

"Nimefuta, mama, lakini programu inayoliandika bado imelishikilia, kwa hiyo nafasi yake haijaachiliwa."

"Huyo ni mpangaji wangu kabisa, yule asiyelipa kodi. Nimemng'olea mlango, na bado anapika chapati ndani." Akakunja mikono ya sweta. "Mtoe yeye mwenyewe."

Fundi akaizima programu, akaiwasha upya. Nafasi ikarudi, barua zikamiminika. Ya mama ilikuwa fupi: ni msichana, na amepewa jina la nyanya yake.

Mama alipiga vigelegele, duka zima tukaitikia. Kisha akabeba mkoba.

"Sasa naenda Mowlem. Dawa nimeiona."

Wewe mpangaji, ukisoma safu hii, chapati zako zimalizie njiani.