Bwana Teleza na Masharubu ya Baba

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Matrah na Maskati, televisheni ilikuwa neno tu. Tulilijua kama tulivyolijua neno theluji: kwamba kitu hicho kipo, wengine wanacho, na sisi hakituhusu. Basi msinicheke nikisema kuwa mtu niliyempenda kupita kiasi utotoni alikuwa mchekeshaji wa televisheni wa Kimarekani, na kwamba kwa miaka mingi sikuwa na hakika kama si baba yangu.

Tuliingia Omani mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, mimi nina miaka minne, pamoja na mama, bibi mzaa baba, na furushi moja la nguo. Baba alibaki Unguja. Kwa nini alibaki, sikuambiwa. Kila nikiuliza, mama alikumbuka ghafla kuwa kuna kitu kinaungua jikoni. Picha zetu zote zilibaki kabatini. Sura ya baba ikawa inanitoka kidogo kidogo, mpaka nikabakiwa na harufu ya sabuni na masharubu yaliyokuwa yakinichoma shavuni.

Tulifikia kwa Ami Nassor, mdogo wake baba, aliyekuwa na kazi ya stoo katika kambi ya kampuni ya mafuta. Asubuhi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, migongo wima kwa kuogopa bakora. Alasiri tulicheza mdako kwa vijiwe barazani, tukigombana kwa Kiswahili huku watoto wa mtaa wakitubeulia midomo. Mama alipika mkate wa kumimina na kulalamika kuwa nazi za huku zimemzidi umri. Watoto wa leo wakikatikiwa na intaneti robo saa wanataka kupelekwa hospitali. Sisi kijiwe kimoja kizuri cha mdako tulikaa nacho mwaka mzima.

Ami alikuwa akituletea majarida yaliyotupwa na wazungu wa kambini. Siku moja lilikuja lenye picha ya ukurasa mzima: bwana mwenye masharubu mazito, macho ya mshangao, mguu mmoja hewani. Bibi akalinyakua.

“Huyu si Khalfan wangu huyu? Tizama masharubu! Wallahi kama nimemzaa mie.”

Mama akatazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuje, kisha akaingia ndani. Mimi nikaikata ile picha nikaiweka ndani ya juzuu yangu ya chuoni. Jina la yule bwana lilitushinda kutamka, tukamwita Bwana Teleza.

Ami ndiye aliyetusomea maisha yake. “Huyu ni nyota,” akaanza.

“Nyota gani?” akauliza bibi. “Asadi ama Akrabu?”

“La, mama. Yeye mwenyewe ndo nyota.”

“Astaghfirullah! Binaadamu akawa nyota?”

Bibi hakukubali hata kidogo. Kwao mtu alikuwa na nyota, hakuwa nyota, na kwa kuwa nyota ya baba ilikuwa Mizani, basi na Bwana Teleza naye akawa Mizani. Tukaendelea. Alizaliwa katika kijiji cha baridi, mtoto wa fundi viatu, na alikuwa na kigugumizi. Siku moja aliteleza juu ya barafu na sinia la mikate kichwani, watu wakacheka hata yeye akaona hana tena haja ya kusema. Tangu hapo akawa anaanguka: sokoni, jeshini, jukwaani, na mwisho kwenye televisheni, kila wiki, nchi nzima ikimngojea.

“Kuanguka ni kazi?” akasema bibi. “Basi mie tajiri, kwa ngazi hizi za Nassor.”

Ukurasa wa pili alikuwa na wanawake wawili. Ami alieleza kuwa mmoja ni mke wa nyumbani na mwingine mke wa mchezoni. Bibi alifurahi: ana wawili, na wote wanacheka, mwadilifu huyo. Mimi ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Kama huyu ni baba, wale ni nani, na mama ana habari?

Halafu ikaja sikukuu ya wazungu, watoto wa wafanyakazi tukaalikwa kambini. Kulikuwa na mashine iliyomwaga picha kwenye shuka jeupe, na pale, hai kabisa, akatokea Bwana Teleza. Akaanguka na kiti chake. Watu wasioonekana wakacheka ndani ya shuka. Bibi alipohadithiwa alisema hao ni majini tu. Lakini mimi nilidhani ameumia. Nilisimama nikapiga kelele, “Baba!” na ukumbi mzima ukacheka pamoja na majini.

Miaka ikapita bila barua. Siku moja, tunakula wali na papa mkavu, Ami akasema ovyo, “Yule bwana wenu nyota yake imezimika. Wamemtoa.” Alikuwa na maana ya kipindi chake kusimamishwa. Mimi nilijua maana moja tu, ya bibi: nyota ikizimika, mtu kwisha. Siku mbili sikula. Ya tatu nikamfuata mama jikoni.

“Mama, mbona hukai eda, na baba kafa?”

Sahani ilimtoka mkononi. Nikamwonesha ile picha, nikamweleza huku nalia. Alinikumbatia, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kitu kinachoungua.

“Huyu si baba'ko, mwanangu. Na baba'ko... sijui. Wallahi sijui kama nikae eda au nisikae.”

Nilikuwa na miaka tisa. Siku ile ndipo nilipojua kuwa wakubwa nao huchanganyikiwa, na jambo hilo lilinitisha kuliko kifo.

Mwaka wa sabini milango ya nchi ikafunguliwa, jamaa zetu wakaanza kuingia. Alasiri moja Ami aliingia na mzee mwembamba, kidevu cheupe, mdomo mtupu bila masharubu. Mama alishika ukuta. Bibi alimpapasa uso kama kipofu, akilia. Nikaambiwa nimwamkie baba. Badala yake nilileta juzuu yangu, nikatoa picha, nikalinganisha.

“Huyu siye,” nikasema.

Yule mzee akaomba picha, akaitazama kwa muda mrefu.

“Masharubu haya nlikuwa nayo,” akasema. “Waliyanyoa kifungoni.” Akanirudishia picha. “Na bwana huyu kazi yake nini?”

“Anaanguka. Watu wanacheka.”

Akainuka taratibu, akaenda mpaka mlangoni, akarudi kifua mbele kama mheshimiwa, akateleza juu ya mkeka. Puu! Bibi akapiga ukelele. Mimi nilicheka, nikacheka, mpaka nikaona kuwa anajaribu kuinuka na hawezi; miguu haikuwa na nguvu. Nikampa mkono. Nikamwita baba.

Baba alifariki zamani, Mungu amrehemu. Siku hizi nakaa Azaiba, hapahapa Maskati, na wajukuu zangu wana picha elfu za baba yao kwenye simu, akila, akilala, akipiga chafya. Hawajui kusahau sura ni nini. Juzi mjukuu wangu alisoma jina chini ya ile picha, akamtafuta Bwana Teleza kwenye simu kwa dakika moja tu.

“Keshakufa, Bibi, miaka mingi. Na hata masharubu yake yalikuwa ya bandia, anayagundisha.”

Nikasema inna lillahi, machozi yakanitoka bila ruhusa. Kijana akanishangaa.

“Kwani mlikuwa mkijuana?”

Nikamwambia kweli: “Alinishikia nafasi ya baba.”