Bamvu la Ziwa la Mwisho

Baba yangu alizaliwa Tumbe, kijiji cha wavuvi, na kwa miaka yote aliyojaaliwa mikono miwili alikula samaki aliyemvua mwenyewe. Kwake jambo hilo lilikuwa la adabu zaidi kuliko la kujigamba, kama kuingia msikitini kwa mguu wa kulia. Samaki wa kununua aliwaachia wakulima na walimu. Mimi ni mwalimu, na nyumba yangu iko karibu na Mtambile, katikati ya mikarafuu, mahali ambapo bahari hutufikia juu ya baiskeli ya mchuuzi, ndani ya tenga lililofunikwa majani.

Kiharusi kilipomchukua mkono wa kulia, sisi watoto wake tulikutana, tukashauriana kwa maneno mazuri, tukamwondoa Tumbe. Tulifanya ilivyopasa, na hata leo nasema hivyo. Lakini mtu aweza kufanya ilivyopasa na bado akamvunjia mzazi wake heshima. Alikaa kwangu miezi mitatu. Alikula wali kwa mchicha, kwa maharage, kwa mbaazi za nazi. Samaki hakumgusa. Mke wangu alimchagulia vipande vilivyonona, na kila siku sahani ilirudi wali umeliwa pembezoni, kipande kimebaki katikati kama kisiwa.

Asubuhi moja nilikuta amefunga furushi lake na kuliweka nyuma ya mlango.

"Mwezi huu ukimalizika sijala samaki wa mkono wangu," aliniambia, "narudi Tumbe. Ngalawa yangu iko pale pale."

"Kwa mkono mmoja, baba?"

"Mmoja ndio nilionao."

Hakuwa akinitisha. Baba hakuwa mtu wa kutisha. Alisema, kisha akatenda. Nilijua atakwenda, na nilijua kwamba bahari ya kule kaskazini haimsubiri mtu wa mkono mmoja ageuze tanga. Ingebaki kwangu kwenda kuipokea maiti yake, ikiwa bahari ingekubali kuirudisha.

Ndipo nilipoyakumbuka maziwa. Chini ya kijiji chetu kuna bonde la mpunga, na ndani ya bonde hilo yamepangika maziwa manne, moja chini ya jingine, yakimiminikiana kwa kijito chembamba hadi kwenye mikoko. Mtu aliyeyaona maziwa makuu ya bara atayaita madimbwi, nami sitagombana naye. Ila kila moja lina tabia yake, na samaki wamo. Nilimweleza baba. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mtoto anayeeleza ndoto, kisha akahesabu vidole.

"Tutakwenda mwezi kumi na sita," akasema. "Bamvu litakuwa limekolea."

Bamvu ni zile siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida yake. Mvuvi wa pwani hupanga maisha yake kwa bamvu. Hata harusi yangu ilipangwa hivyo. Lakini kupanga kwa bamvu safari ya maziwa yaliyo bondeni ni kosa ambalo mtu wa Tumbe peke yake aweza kulifanya. Nilifungua kinywa nimsahihishe, kama ninavyowasahihisha watu tangu asubuhi hadi jioni, nikakifunga. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya wiki ile.

Maana siku moja kabla ya safari nilifanya ovu. Nilikwenda kwa mkulima mmoja mwenye jaruba la mpunga karibu na ziwa la tatu, nikamnunua kambare mkubwa aliye hai, nikamwacha ndani ya ndoo ya maji chini ya matete ya ziwa hilo. Sikuwa na shaka kwamba madimbwi yale hayangempa baba samaki wa maana. Nikajiambia kwamba uongo wa kusuluhisha una nafasi yake. Msomi ana balaa moja: hakosi hoja. Mjinga akitaka kudanganya hudanganya tu. Mimi nilijitafutia kwanza idhini, nikaipata kwangu mwenyewe.

Tuliondoka asubuhi watu watatu: baba, mimi, na binti yangu aliyekuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya chuo. Kipupwe kilikuwa kimetulia, jua halichomi, na njiani majamvi ya karafuu yalikuwa yameanikwa mbele ya nyumba. Binti yangu alibeba chakula. Baba alibeba mshipi wake na ndoana, hakukubali vibebwe na mtu.

"Mume wangu, leo utanivulia nini?" binti yangu alimwuliza, kwa ule utani wa babu na mjukuu ambao mimi sikuruhusiwa kuuingilia.

"Nikuvulie nini weye, na meno yenyewe ya kutafunia chipsi?"

"Basi nitakuacha niolewe na mwenye boti ya mashine."

"Nenda. Mafuta yakimwishia utarudi kwangu unaogelea."

Ziwa la kwanza limezungukwa na miwale yenye makuti marefu; maji yake ni baridi na meusi kwa kivuli. Binti yangu alipata perege mmoja, mdogo kuliko kiganja. Baba alimtazama yule samaki kwa huruma. "Mrudishe kwa mamaake," akasema, "hajahitimu chuoni." Tukamrudisha. La pili limefunikwa mayungiyungi, maua meupe mtindo mmoja, na kila alipotupa mshipi ulinasa kwenye mashina. "Hili si ziwa," akanung'unika. "Hili ni shamba. Nipeni jembe." Alitumia mkono wa kushoto na meno, na kila nilipomsogelea nimsaidie alinigeuzia bega.

Tulipofika la tatu, pana, la matope, wanakonywa ng'ombe, yule mkulima alikuwa jarubani kwake. Alitusalimu kwa heshima, kisha akamwona baba ameketi anaangalia jua.

"Mzee, mnangoja nini?"

"Maji yajae."

"Maji gani?"

"Leo mwezi kumi na sita, bwana. Bamvu."

Mkulima aliegemea jembe akacheka hadi machozi. "Mzee wangu, hapa maji hujaa masika, hupwa kiangazi. Basi! Bamvu tunalisikia kwa watu wa pwani kama nyie."

Nilimwona baba akiitazama ile mikono miwili iliyoshika jembe. Niliona haya, na haya zikaniharakisha. Ilipoingia Adhuhuri baba alisogea kando kwenda kutawadha, akaniachia mshipi ukiwa majini. Binti yangu alikuwa akitandika mkeka. Niliuvuta mshipi, nikamtoa kambare kwenye ndoo, nikamtia ndoana mdomoni, nikamrudisha majini. Kisha nikasimama kuswali nyuma ya baba yangu. Sala ile naikumbuka kwa aibu.

Baada ya kula aliushika mshipi tena. Binti yangu akaona ukikazika.

"Babu! Pana kitu!"

Baba alivuta. Kambare alipotokea, mweusi, anapiga mkia kwenye tope, binti yangu alipiga kigelegele, na mkulima akapaza sauti kutoka jarubani, "Mashaallah, mzee!" Kwa pumzi moja niliuona uso wa baba ukifunguka. Pumzi ya pili akamshika samaki kwa kumbana goti, akamwangalia mdomo. Akaangalia muda mrefu.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo kabla ya siku ile. "Samaki akila chambo, ndoana humwingia kwa ndani ikatokea nje. Huyu imemwingia kwa nje ikatokea ndani." Akaniinulia macho. "Samaki huyu hakula. Kalishwa."

Mkulima aliinama haraka akaendelea kulima. Binti yangu alinitazama. Alipokuwa na miaka minane nilimpeleka mlango kwa mlango akiri mbele za watu kwamba alichuma machungwa matatu yasiyo yake, na njia nzima nilimsomea uzito wa uongo. Sasa alinitazama kwa macho yale yale niliyomfundisha kutazamia.

"Ni kweli, baba," nikasema. "Nimefanya. Nisamehe."

"Unanisomesha nikiwa mzee? Ungeniambia tu kwamba siwezi."

"Sikusema huwezi."

"Umesema. Umesema kwa ndoana." Akaanza kuzungusha mshipi kwenye kigogo chake. "Furushi limeshafungwa. Kesho nakwenda zangu."

Mtu aliyeishi kwa maneno hukosa pa kushika yanapomwacha. Binti yangu ndiye aliyechutama mbele yake.

"Mume wangu, umesusa?"

"Sijasusa. Nimechoka kuchezewa."

"Basi limebaki ziwa moja. Bamvu ulilichagua mwenyewe, na bado hujaliona. Utakwenda Tumbe ukawaambie nini? Kwamba uliondoka kabla maji hayajajaa?"

Baba alimaliza kuuzungusha mshipi. "Mke huyu ana mdomo," akasema mwisho, akainuka.

Mkulima alitwambia tusijisumbue. Ziwa la mwisho, alisema, ni maji ya chumvi, hata ng'ombe hawayanywi. Watu wa mpunga hawana kazi nalo. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu yote ya kukaa juu yake, sikuwahi kuteremka hadi pale. Nilijua vitabu vilivyoko katika maktaba ambazo sitazikanyaga, lakini sikujua kilichoko chini ya shamba langu.

Njia ilishuka, udongo mwekundu ukageuka kijivu, na mikoko ikaanza. Ziwa lilikuwa bakuli la maji mafupi, tulivu, lenye mlango mwembamba upande wa chini. Baba alichovya kidole akaonja.

"Chumvi ya jana," akasema.

Alikwenda kwenye shina la mkoko akapapasa alama ya tope, mbichi, iliyomfika kiunoni. Kisha akageuka, na nikaona mgongo wake umenyooka. Hakuwa tena mgonjwa aliyeletwa matembezini. Alikuwa mtu aliyefika kazini kwake.

"Saa kumi yatapanda hapa. Nipe yule kambare."

Nilimpa. Alimkata vipande kwa kisu, samaki akiwa amebanwa chini ya kisigino. "Uongo wako utafaa kitu kimoja," akasema, akatia kipande kwenye ndoana.

Tuliswali Alasiri pale pale. Tulipotoa salamu, majani makavu yaliyokuwa yamelala mlangoni mwa ziwa yalikuwa yakitembea, yakija juu, kinyume na mteremko. Kisha povu. Kisha maji yenyewe, bila kelele, yakaingia kati ya mizizi, yakapanda. Bahari ilikuwa imekuja kumtafuta baba huko alikofichwa asiione. Mkizi waliruka ziwani kama watu waliorushiwa mawe. Na mimi niliyejua kwamba ziwa halina bamvu nilisimama, maji yakinifika magotini, sina la kusahihisha.

Baba alikaa juu ya mzizi, mshipi ameuzungusha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hata binti yangu aliacha utani. Mguu uliposhtuka aliuvuta mshipi kwa mkono wa kushoto, akaukanyaga kwa kisigino, akavuta tena, akakanyaga tena. Pima kwa pima, bila haraka, kama mtu anayehesabu tasbihi. Mshipi ulimkata kidole, damu ikatoka. Nikanyosha mkono.

"Ondoa mkono wako!"

Nikauondoa. Nimefanya mambo machache ya heshima zaidi kuliko kuuondoa mkono ule. Nilisimama nikamtazama baba yangu akifanya kwa mkono mmoja na mguu mmoja kazi ambayo mimi nisingeiweza kwa mikono kumi, na moyo wangu ukajaa fahari ambayo sijaipata kwa cheti chochote nilichowahi kupewa.

Alikuwa chewa, mzito, wa madoadoa, urefu wa dhiraa nzima. Alipotua matopeni baba hakushangilia. Alimkanyaga, akamfungua mdomo kwa kisu, akaniita kwa kichwa.

"Wewe msomi. Soma hapa."

Niliinama. Ndoana ilikuwa imeingia kwa ndani, ikatokea nje, pembeni mwa taya, safi.

"Nimesoma, baba."

"Haya. Mbebe."

Nilitaka kumtia kwenye mfuko. Miaka mingi nimewakataza watu kujionyesha. Nimesema darasani na nimesema misibani kwamba neema hufunikwa. Baba aliutazama mfuko. Nikaukunja nikautia mfukoni. Nilipitisha kamba kwenye mashavu ya chewa nikampandisha bonde akiwa wazi, nikampitisha jarubani ambako mkulima alivua kofia, nikamchukua hadi barabarani, mbele ya maduka, watu wamekaa.

"Mwalimu, samaki wa Tumbe huyo?" mmoja aliuliza.

"Wa bondeni," nikajibu, kwa sauti niliyozoea kuitumia darasani. "Kavua baba yangu. Leo hii."

Baba alikuwa nyuma yangu, anatembea polepole na mjukuu wake, anatazama pembeni kana kwamba habari hizo hazimhusu. "Jibu tena, Baba," binti yangu akaninong'oneza akinipita. "Wa duka la pili hawakusikia." Nikajibu tena.

Mke wangu alimpika kwa nazi. Baba alikula kichwa chote, akanyonya mifupa, akamwambia mkwewe kwamba chumvi ilikuwa pungufu, na mke wangu, aliyengoja miezi mitatu kulaumiwa, alifurahi mno.

Asubuhi nilikwenda kuangalia nyuma ya mlango. Furushi lilikuwa bado pale, limefungwa kama lilivyokuwa, na nilisimama mbele yake bila kujua la kufanya. Baba alitokea uani ameshika nyundo kwa mkono wa kushoto.

"Nishikie msumari," akasema.

Nilimshikia. Aligonga mara nne, mara moja kidole changu. Kisha akautundika mshipi wake ukutani mwa nyumba yangu, akaanza kuhesabu ni siku ngapi zimebaki hadi bamvu la mwezi mwandamo.